Injini inavuja oili mbele, chini na nyuma: ishushwe au isishushwe?

Msomaji ameniandikia kuhusu gari lake lenye injini ya petroli ya silinda 4 iliyokaa kwa urefu, giaboksi ya kawaida ya klachi, na linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Limeshatembea sana. Kila linapoegeshwa linaacha madoa ya oili. Sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, imelowa, makutano ya injini na giaboksi yamelowa, na mbele kwenye puli ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) kuna utando mnene wa oili na vumbi. Fundi amemwambia dawa ni moja: injini ishushwe, gasketi (za kuziba kati ya vipande viwili) na sili (pete za kuzuia oili kwenye shafti zinazozunguka) zote zibadilishwe. Msomaji ana vifaa, ana nafasi, na yuko tayari kuifanya kazi mwenyewe. Anataka kujua kama fundi yuko sahihi, na kama yuko sahihi, kazi ianzie wapi.

Ndugu yangu, huenda fundi wako yuko sahihi. Lakini usifungue bolti hata moja kabla hujajua mambo mawili: oili inatokea wapi, na ni nini kinachoisukuma itoke.

Oili haikai mahali ilipotokea. Inateremka kwa uzito wake, na gari likiwa mwendoni upepo unaipeperusha kuelekea nyuma. Ndiyo maana sehemu iliyolowa kuliko zote mara nyingi haina kosa lolote. Chukua mfano wa tapeti kava, yaani kifuniko cha juu kabisa cha injini. Gasketi yake ikichoka upande wa nyuma, oili inashuka taratibu kwenye ukuta wa nyuma wa silinda hedi, inafuata bloku, inaingia kwenye makutano na giaboksi, kisha inadondokea palepale ambapo ingedondokea oili ya sili ya nyuma ya krenki. Ukilala chini ya gari ukatazama juu, utaapa kwamba ni sili. Injini nyingi zimeshushwa kwa sababu hiyo, na gasketi iliyokuwa inavuja ingebadilishwa kwa kufungua boneti tu.

Kwa hiyo anza kwa kuosha. Funika alternita, soketi za waya na mdomo wa kuingizia hewa, pulizia dawa ya kuyeyusha grisi injini ikiwa imepoa, sugua kwa brashi, suuza bila kutumia maji ya nguvu nyingi, kisha iache ikauke kabisa. Endesha safari fupi, rudi, tazama kwa tochi. Endesha tena, tazama tena. Unatafuta unyevu mpya ulio juu kabisa na mbele kabisa, kwa sababu vyote vilivyo chini na nyuma ya hapo vinaweza kuwa vimelowa kwa kutiririkiwa tu. Kama bado huoni vizuri, ipo rangi maalumu inayochanganywa kwenye oili na kuonekana kwa taa ya urujuanimno. Inang'aa kijani au njano pale inapotokea, na inamaliza ubishi wote.

Usiviruke vitu vidogo. Swichi ya presha ya oili ikipasuka ndani inaweza kulowesha ubavu mzima wa injini. Mpira wa filta ya zamani unaweza kubaki umenata kwenye bloku, filta mpya ikafungwa juu yake, na mipira miwili ikawa inavujisha. Bolti ya kumwagia oili nayo ina wosha ambayo watu hawaibadilishi. Na kuhusu yale makutano ya nyuma, chovya kidole ukanuse: oili ya giaboksi nyingi za kawaida ina harufu kali ya salfa ambayo oili ya injini haina. Giaboksi ina sili yake kwenye shafti inayoingia kwenye klachi. Ikiwa hiyo ndiyo inayovuja, injini yako haihusiki kabisa.

Jambo la pili ndilo linalosahaulika zaidi. Kila injini, hata mpya, hupitisha kiasi fulani cha gesi ya mwako pembeni mwa ringi za pistoni kwenda chini kwenye krenki. Gesi hiyo lazima itoke. Inanyonywa kupitia vali ndogo ya kupumulia, ambayo mafundi wengi wanaiita PCV, na kurudishwa kwenye njia ya hewa ili iungue. Vali hiyo au mpira wake ukiziba kwa tope la oili, presha inajengeka ndani ya injini na kutafuta upenyo. Upenyo huo ni sili iliyo dhaifu kuliko zote, halafu inayofuata, halafu inayofuata. Gari linalovuja mbele, chini na nyuma kwa wakati mmoja, kama lako, ndilo hasa la kushukiwa hivyo. Ukibadilisha sili zote ukaiacha vali iliyoziba, sili mpya nazo zitaanza kuvuja.

Kipimo chake ni chepesi. Injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili na weka kipande cha karatasi juu ya tundu. Injini yenye afya hukivuta kidogo au hukiacha kitulie. Ikikirusha juu na moshi unafuka, badilisha PCV na mipira yake kwanza, kisha pima tena. Ikiendelea kurusha, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya kila silinda. Silinda yenye kompresheni ndogo itie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena; kipimo kikipanda sana, ringi zimechoka. Hapo kazi si ya kuzuia kuvuja tena, ni ya kufungua injini yote, na ni heri ulijue hilo sasa injini ikiwa bado inawaka ndani ya gari.

Sasa tuseme umeosha, umetazama, umeweka PCV mpya, na bado sili ya nyuma, sampo na mbele vyote vinavuja kweli. Je, ushushe?

Kwa sili ya nyuma peke yake, jibu langu ni hapana. Kwenye gari la muundo wako giaboksi inashuka peke yake kwa chini, na sili inafikiwa baada ya kutoa klachi na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya krenki. Kwa sampo peke yake, mara nyingi inatosha kufungua mauntingi (vishikizo vya injini) na kuinua injini kidogo. Lakini vyote vitatu vikivuja, shusha. Sababu kubwa si nafasi ya kupitisha mkono, ni ukavu. Gasketi na silikoni hushika kwenye uso mkavu usio na chembe ya oili, na injini iliyotumika huendelea kudondosha oili kutoka kwenye krenki na kuta za silinda kwa saa nyingi baada ya kumwagwa. Ukilala chini ya gari, unafuta uso wa bloku, na kabla hujapandisha sampo tone jingine limeshashuka. Injini ikiwa nje unaigeuza miguu juu, uso wa sampo unatazama dari, na hakuna kinachodondokea juu yake.

Kushusha kwenyewe kunataka utaratibu zaidi ya nguvu. Piga picha za kila pembe kabla ya kugusa kitu. Kila soketi ya waya na kila mpira uuwekee alama ya karatasi ya gundi pande zote mbili, na bolti za kila sehemu zikae kwenye mfuko wake wenye jina. Hili ndilo litakaloamua siku ya kurudisha itakuwa ya furaha au ya kulia.

Kama gari lina mfumo wa sindano za mafuta, ondoa fyuzi ya pampu ya petroli, washa injini hadi izime yenyewe, toa waya hasi wa betri, ndipo ufungue mipira ya mafuta. Bila hivyo petroli itakurukia kwa presha. Kama halina mfumo huo, anza na waya hasi wa betri. Mwaga kulanti injini ikiwa baridi, mwaga oili, toa rejeta na feni ili usije ukazitoboa. Kompresa ya kiyoyozi usiikate mipira yake: ifungue kwenye bloku na uifunge pembeni na mipira yake ikiwa imeunganishwa, kwa sababu gesi yake ina presha na inaunguza ngozi kwa baridi. Pampu ya usukani nayo ni vivyo hivyo. Bolti za eksosti zipulizie dawa ya kutu siku moja kabla.

Injini inaweza kutoka na giaboksi au bila giaboksi. Zikitoka pamoja unahitaji mwinuko mkubwa na kuzilaza kwa pembe kali, ila kuunganisha baadaye ni rahisi kwa sababu unaunganisha nje. Zikitenganishwa ndani ya gari, giaboksi lazima ishikiliwe kwa jeki, isiachwe ining'inie kwenye shafti yake, kwani itapinda sahani ya klachi. Kwa gari lako mimi ningetoa vyote pamoja kama boneti imeondolewa na winchi inafika juu vya kutosha. Chora mstari kuzunguka bawaba za boneti kabla ya kuifungua. Itarudi ilipokuwa bila kubahatisha.

Kuhusu winchi nazungumza kwa ukali kidogo. Uwezo ulioandikwa kwenye mkono wake unapungua kadiri mkono unavyorefushwa. Winchi ya tani 2 mkono ukiwa mfupi mara nyingi hubeba nusu tani tu mkono ukirefushwa kabisa. Injini ya silinda 4 kwa kawaida inazidi kilo 100, na giaboksi inaongeza uzito juu yake. Mnyororo ushikwe kwa bolti ngumu zilizoingia nyuzi zote, kwenye sehemu zilizotengenezwa kwa kunyanyulia, si kwenye njia ya hewa ya plastiki wala bolti nyembamba. Mkono, mguu wala kichwa kisiwe chini ya injini inayoning'inia, hata kwa sekunde moja ya kuokota nati. Ikitoka nje, ishushe karibu na ardhi kabla ya kuisogeza popote.

Kuna mtego mmoja hapa. Stendi ya injini hufungwa kwenye matundu ya nyuma ya bloku, yale yale yanayoshika giaboksi. Maana yake ukishaifunga injini kwenye stendi, sili ya nyuma na flaiwili hazifikiki. Basi panga kazi: mbele na chini vifanyike kwenye stendi, halafu injini ishuke ikae juu ya magogo ya mbao, ndipo ufanye nyuma.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Ningependa utumie muda mwingi hapa kuliko kwingine kote, na zaidi ya nusu yake uwe wa kusafisha.

Kwangua gasketi za zamani kwa kikwangulio cha plastiki, hasa kwenye aluminiamu. Mkwaruzo mmoja wa chuma unaokatiza uso ni mfereji tayari wa oili. Na tafadhali usitumie zile brashi za nyuzi ngumu zinazofungwa kwenye drili. Zinatoa vumbi la kusagia ambalo macho hayalioni, vumbi hilo linaingia kwenye oili, na linamaliza beringi za krenki ndani ya muda mfupi. Ziba matundu kwa vitambaa safi unapokwangua. Mwisho futa kwa dawa ya kusafishia breki na kitambaa kisichoacha nyuzi, rudia hadi kitambaa kitoke cheupe.

Sampo ya bati nyembamba ilale kwenye kioo au meza iliyonyooka. Karibu kila sampo iliyowahi kukazwa kwa hasira ina matundu ya bolti yaliyobonyea kuelekea kwenye gasketi, hivyo inabana kwenye bolti na kuachia katikati. Yagonge yarudi taratibu kwa nyundo ndogo, upande wa pili ukiwa umeegemezwa kwenye chuma kilichonyooka. Bila kufanya hivyo gasketi mpya haina kazi.

Kama kitabu cha gari lako kinataka silikoni badala ya gasketi, weka uzi mmoja mwembamba wa milimita 3 hivi, upite upande wa ndani wa kila tundu la bolti, na ufunge sampo kabla silikoni haijaanza kushika juu. Watu huongeza nyingi kwa kutafuta usalama. Ile inayobanwa nje unaiona, lakini inayobanwa ndani hukatika vipande, vipande vinavutwa kwenye chujio la pampu ya oili, na injini inakosa oili. Mahali ambapo vipande vitatu vinakutana, kwa mfano kifuniko cha taiming, bloku na sampo, weka tone dogo kwenye kona hata kama gasketi ni ya mpira. Kona hizo huvuja kuliko mistari iliyonyooka. Bolti za milimita 6 za sampo nyingi zinataka torki (nguvu ya kukaza) ya karibu Nm 10, nguvu ya vidole na kifundo cha mkono tu, hivyo tumia spana ya torki na vipimo vya kitabu cha gari lako. Ipe silikoni saa 24 kabla ya kutia oili.

Sasa sili ya nyuma. Ukishaing'oa, bila kukwaruza krenki, pitisha ukucha juu ya sehemu ambayo mdomo wa sili ulikuwa unasugua. Ukucha ukiteleza bila kukwama, vizuri. Ukiingia kwenye mfereji, umeshapata sababu ya kuvuja, na sili mpya ikikaa pale pale itavuja pia. Kama nafasi inaruhusu, ikalishe sili mbele au nyuma kidogo ya mfereji ili mdomo ukute chuma kipya. Kama hairuhusu, zipo bushi nyembamba sana za chuma zinazovishwa juu ya krenki na kuipa uso mpya bila kubadilisha saizi ya sili.

Tazama pia sili yenyewe imetengenezwa kwa nini. Ile ya mpira yenye springi, springi ikitazama ndani kwenye oili, ipakwe oili safi mdomoni kabla ya kuingia. Lakini sili za PTFE, aina ya plastiki inayoteleza, ambazo mdomo wake ni mpana, mgumu kidogo na hauna springi, hufungwa kavu kabisa, juu ya krenki kavu, kwa kutumia koni ya plastiki inayokuja nayo, na zinaachwa zitulie kwa saa kadhaa kabla ya krenki kuzungushwa. Ukipaka oili sili ya namna hii inaweza isikae vizuri na ikavuja tangu siku ya kwanza. Igonge iingie sawasawa pande zote. Ikiingia mshazari, itoe na ununue nyingine.

Ukiwa hapo nyuma, chunguza bolti za flaiwili. Kwenye injini kadhaa matundu yake yanapenya hadi ndani kwenye oili, na bolti zisipopakwa dawa ya kuziba nyuzi oili hupita humo na kuonekana kama sili imekufa. Plagi za njia za oili na kifuniko cha mwisho wa kamshafti (shafti inayofungua vali) viko upande huo pia. Vitazame vyote sasa.

Mbele, badilisha sili ya krenki na ya kamshafti, na kama injini yako ina mkanda wa taiming, weka mpya pamoja na pampu ya maji, kwa sababu mkanda uliolowa oili hauaminiki tena. Sahani ya klachi iliyolowa oili ibadilishwe, na beringi yake ya kuachia nayo. Mauntingi za mpira zilizolainika kwa oili ziende pia. Ila silinda hedi usiifungue kama haivuji na kompresheni ni nzuri. Kuifungua kwa sababu tu injini iko nje ni kujiletea kazi isiyohitajika.

Wakati wa kuunganisha giaboksi, hakikisha pini mbili za kulenga zipo kwenye bloku, na sahani ya klachi imewekwa katikati kwa kifaa chake. Injini na giaboksi lazima vikutane kwa kusukumwa na mikono hadi nyuso ziguse. Zikibaki wazi, kuna kitu hakijaingia. Usivute kwa bolti. Kwa anayesoma hili mwenye gari la otomatiki: torki konveta iingie yote kwenye giaboksi kwanza, huku unaizungusha hadi uisikie ikidumbukia zaidi ya mara moja. Ukiivuta kwa bolti kabla haijakaa, unavunja pampu ya giaboksi.

Injini ikisharudi, jambo ambalo watu husahau ni waya wa athi kati ya injini na bodi. Usipokuwepo, stata itasuasua na umeme utatafuta njia nyingine, hata kupitia waya wa eksileta. Weka filta mpya, oili mpya, kulanti mpya. Kabla ya kuwasha, zuia petroli na umeme wa plagi, piga stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime, maana sehemu nyingi zitakuwa kavu. Kisha washa, iache ingurume bila kuikanyaga, toa hewa kwenye mfumo wa maji, na zunguka na tochi kwa dakika 15 hivi. Moshi kidogo kutoka kwenye eksosti iliyoguswa na oili ya mikono yako ni wa kawaida na utaisha.

Endesha safari fupi, iache ipoe, pima oili, tazama chini. Gasketi za koki au karatasi nene hukazwa tena kidogo baada ya joto la kwanza kama kitabu kinaelekeza hivyo. Za mpira na silikoni usizirudie, kwa sababu kuzikaza upya huzipasua. Ile PCV mpya iangalie tena utakapobadilisha oili mara ya kwanza. Kama imeshajaa tope, fupisha muda wa kubadilisha oili kwa awamu mbili tatu zinazofuata, hadi tope la zamani lililobaki ndani liishe kutoka.